Bibi Alijitwisha Kosa Langu Baharini

Admin, jina nifiche, mji uache tu, maana hapa Sur, kwa Waarabu, kina dada wa kazi tuko wengi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, kwetu Muheza. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa, nafanya kazi za ndani. Namlea mtoto wa miaka mitano, nimwite Shamsa, na namwangalia bibi yake, mama mzazi wa bosi. Bibi alizaliwa Unguja, akaja huku akiwa msichana. Wanawe wanajua Kiswahili cha salamu tu, wajukuu hata hicho hawana. Siku niliyofika nilimwamkia shikamoo, akalia. Tangu hapo mchana kutwa ni mimi na yeye jikoni, tunachambua mchele, ananicheka na "Kiswahili chenu cha shamba".

Kosa langu lilianza kabla sijapanda ndege. Wakala alitufundisha kwamba ukiulizwa kama unajua kitu, jibu naam, mengine utajifunza huko huko. Basi nikasema naam kwa pasi, nikasema naam kwa mapishi ambayo sijawahi hata kuyaonja, na bosi wa kike aliposikia natoka Tanga akauliza kama najua kuogelea, nikasema naam. Muheza na kuogelea wapi na wapi? Sisi bahari tunaiona tukienda mjini kutibiwa. Lakini huku wao wakisikia Tanga wanadhani sote tumezaliwa majini, na mimi sikuwasahihisha.

Mwezi uliopita wakakodi boti ya matanga kwa siku nzima, sisi wa nyumbani peke yetu, ili wanawake waogelee bila kutazamwa. Wenye boti ni mume na mke, Wagiriki, mume anaendesha, mke anapika. Chakula cha kwao kizuri, sitasema uongo. Kulikuwa na mtindi mzito wenye tango na kitunguu thomu, wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, jibini jeupe na zeituni, na pweza wa kuchoma kwa ndimu. Bibi alipoonja pweza alifumba macho, akaniambia, "Huyu kakosa nazi tu, mwanangu." Sijawahi kumwona na furaha vile.

Adhuhuri ilipoingia tulikuwa tumetia nanga kwenye ghuba ndogo. Bosi na mkewe wakaenda upande wa nyuma kusali, wakaniambia niingie majini na mtoto. Chini palikuwa na mwamba, maji yalinifika kifuani, nikaona mambo si mabaya. Shamsa alikuwa amevaa maboya ya mikononi, yakawa yanamchubua, akalia. Nikamvua, nikayatupa kwenye boti. Nilitaka nionekane najua. Nikarudi nyuma hatua mbili, mwamba ukaisha.

Nilichofanya naona haya kukiandika. Nilimshika yule mtoto nikampanda. Nilimzamisha ili mimi nipumue. Bibi alikuwa amekaa juu, ameona tangu mwanzo, akapiga ukelele. Mke wa yule Mgiriki akaruka na aproni yake, akatutoa sote. Shamsa alitapika maji, akapumua. Alhamdulillahi.

Bosi akaja mbio anauliza kwa Kiarabu nani kamvua mtoto maboya. Nikafungua mdomo, Bibi akaniwahi. "Mimi," alisema. "Nilimwita hapa kwenye ngazi nikamvua mwenyewe. Huyu binti hakujua, na ndiye aliyemfuata kumshika." Bosi wa kike akanikumbatia, analia, ananishukuru mimi. Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani.

Kesho yake jikoni nikamuuliza, "Bibi, kwa nini?" Akajibu bila kuacha mchele wake. "Wangekurejesha kwenu wiki hii hii. Na mie nitakaa niseme na nani, kuta? Khalas, yamekwisha, mwanangu, usinambie tena."

Tangu siku ile wanawe wanasema akili yake imeondoka. Wamemnyang'anya ufunguo wa chumba chake. Haruhusiwi kukaa na Shamsa peke yake, hata kumsuka nywele. Shamsa mwenyewe akiulizwa habari za boti huziba masikio, halafu anakuja kujificha kwangu, mimi niliyemzamisha, na Bibi anatutazama kutoka mlangoni. Nikilala naisikia mikono midogo ya Shamsa ikinisukuma.

Juzi wakati wa chakula bosi akasema Ijumaa baada ya sala Bibi anahamia Nizwa, kwa binti yake, wakamwangalie kwa zamu. Kule ni kwa wakwe wa huyo binti, hakuna hata mmoja wa kumjibu neno la Kiswahili. Bibi alikula mpaka akamaliza. Tulipobaki wawili nikamwambia, nitasema ukweli, liwalo na liwe. Akanishika mkono. "Ukisema, wewe unarudi kwenu, na mie nakuwa muongo mbele ya mwanangu. Na Nizwa atanipeleka vile vile, wallahi. Sasa utakuwa umemsaidia nani?"

Leo asubuhi nimempangia nguo kwenye begi. Aliketi kitandani akaniomba nimsemeshe tu, jambo lolote, nisinyamaze. Nikamhadithia machungwa ya Muheza, msimu wake, mama yangu anavyoyapanga mafungu barabarani, majirani zetu mmoja mmoja na ugomvi wao. Nilisema mpaka nikaishiwa. Akaniambia, "Haya, rudia tena."

Ijumaa ni kesho kutwa. Ndugu zangu mnaosoma, matusi nitayapokea, nimeyastahili, ila na ushauri nipeni. Nifanye nini, na nimwambie nani?