Tathmini ya Moshi

Vijana wa mtaa wa Lemara mjini, anakoishi siku hizi kwa binti yake, humwita Mzee Melkizedeki "Usalama". Wanatania tu. Lakini wakati wa vita ya Nduli, yule mtawala wa Uganda, alikuwa usalama kwelikweli. Kijiji chao, kule juu migombani Meru, kilimteua akadirie hatari ya ndege za adui kwa sifa mbili: alikuwa na redio, na aliwahi kufyeka nyasi kiwanja cha ndege. Profesa wa anga!

Hakuna aliyeuliza kwa nini rubani atoke Uganda, avuke nusu ya nchi, aje kuua migomba. Melkizedeki alisimama mkutanoni akatoa tathmini: rubani hulenga moshi. Mabati yafunikwe kwa majani ya migomba, na mchana asiwashe mtu moto. Watu wakapiga makofi. Kulengwa bomu ni heshima. Walijiona wakubwa kama Dar.

Shida ilikuwa kwake mwenyewe. Mwanawe Manase alikuwa vitani, na mke wa Manase, Elieshi, ndiyo kwanza amejifungua. Kwa Wameru moto wa mzazi hauzimwi: ndio unaopika mtori, supu nzito ya ndizi ya kumpa mzazi nguvu, ndio unaomkinga mtoto na baridi. Na Aprili ile mvua haikukatika.

"Baba Manase, huyu mtoto umemwona lakini?" mkewe Eunike akamuuliza. "Ni kama ndizi!"

"Nikiacha huu, kesho kila nyumba ina mzazi. Hata wazee wa kanisa watajifungua."

"Basi rubani aje, nitampa mtori."

"Mama Manase, mgambo wako nje wanatazama paa letu."

Akamwaga ndoo ya maji mafigani.  Elieshi alimfunga mtoto kifuani kwa khanga na blanketi. Tangu hapo moto ukawa wa jioni tu. Jumapili mtoto akaanza kukoroma kifua. Kule zahanati mganga alimfunua, akamfunika tena, mpaka usoni.

Walikuwa wanafukia kaburi redio ilipotangaza kuwa Kampala imeanguka. Watu wakaja wakiimba, mwenyekiti wa kijiji mbele.

"Melkizedeki! Halikuanguka bomu hata moja! Tathmini yako hiyo, bwana!" Akaukamata mkono wenye udongo, akautikisa. Kisha akaona kaburi. "Oh. Poleni," akasema, akarudi kwenye wimbo.

Melkizedeki alikuwa ameanza kutabasamu.

"Manase akirudi," Eunike alisema, "wewe ndiye utakayemwambia kwamba ndege hazikuja."