Walimtaka Amfukuze Mkewe Kwanza

Nimefanya kazi nyingi na hakuna iliyodumu. Niliacha shule darasa la tano, nikachunga ng'ombe wa watu, nikachimba mchanga Manchira, nikabeba mizigo Sirari, na kila nilipofika niliuliza maswali mpaka wenyeji wakanichoka. Sijui kukaa mahali. Lakini nilichokiona Nyanungu, nilipokwenda kufyatua matofali ya kanisa, kimekaa ndani yangu kuliko mimi nilivyowahi kukaa popote.

Kanisa lilikuwa la miti na mabati, na waumini walitaka kulijenga upya. Udongo mzuri ulikuwa chini ya mji, yaani boma, wa mama mmoja mjane, karibu na kijito, hivyo nikapangiwa kulala kwake muda wote wa kazi. Alikuwa mzee tayari, mrefu, mkali kwa ng'ombe na mpole kwa watoto. Katika mji ule waliishi yeye, mke wake, na watoto watatu wa mke wake.

Kwa msomaji asiyewajua Wakurya, nieleze. Mwanamke asipopata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwingine. Hawalali pamoja. Yule aliyeolewa huzaa na mwanamume anayekubalika, lakini watoto ni wa nyumba ile: hubeba jina la mume wa yule mama, hata kama ameshakufa, na shamba huwa lao. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kuamka asubuhi akakuta shemeji zake wanapima shamba lake kwa hatua. Mama huyu alizaa mabinti wawili, wote wakaolewa mbali, naye akaoa. Mwanamume aliyezaa na mke wake alikwenda machimboni mtoto wa mwisho akiwa bado tumboni na hakurudi. Kwa hiyo mimi nilikuta pale mama, mkewe, watoto watatu na mahindi. Kama kulikuwa na dhambi katika mji ule, ilijificha vizuri sana, maana mimi ni mdadisi na sikuiona.

Mama alianza kwenda kanisani kabla sijafika. Mwinjilisti alikuwa na kipaza sauti kilichofungwa juu ya mwarobaini, na kila Jumapili tulimsikia mpaka kijitoni akisema wokovu ni wa watu wote, kwamba hauangalii kabila wala elimu wala mali, kinachotakiwa ni kuamini tu. Mama aliamini. Aliamini kama anavyofanya kila kitu, bila kelele. Mchana, nikipumzika kazi, aliniomba nimsomee Injili kwa sababu yeye hakusoma, na maswali yake yalinishinda hata mimi. Aliniuliza kama wale waliomfuata Yesu mwanzoni waliulizwa habari za nyumbani kwao. Nikamwambia sijaona mahali walipoulizwa. Akaitika polepole, akaendelea kupukuchua mahindi.

Alihudhuria mafundisho ya ubatizo yote. Siku ya mwisho kamati ya wazee wa kanisa ilimwita. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikwenda kuwaomba kuni za tanuru, na hakuna aliyekumbuka kunitoa nje.

Mwinjilisti ndiye aliyesema, na alisema kwa upole, jambo lililonikera zaidi.

"Mama, imani yako tunaiona. Lakini kwanza mrudishe yule mwanamke kwao."

"Nimrudishe kwa kosa gani?"

"Hana kosa. Ile ndoa yenu ndiyo si ya Mungu."

"Na watoto?"

Mzee mmoja akajibu kwamba watoto wangemfuata mama yao, na Mungu angewapa pa kukaa.

"Ameshawapa," mama alisema. "Wanakaa kwangu."

Mzee aliyezungumza habari za watoto nilimjua. Nyanungu nzima ilimjua. Ujana wake wote aliiba ng'ombe, ng'ambo ya mpaka na upande huu, na wapo wajane ambao alishiriki kuwafanya wajane. Siku moja alilia mbele ya kanisa, na juma lilelile wakambatiza kwa vigelegele. Sisemi walikosea. Kama Mungu hawezi kumpokea mwizi wa ng'ombe, sisi wengine tuanze kutafuta njia nyingine. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemwambia arudishe hata ndama.

Nilimfuata mwinjilisti nje nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Alinijibu kwamba mwizi ameacha kuiba, lakini mama hajaacha. Nikamuuliza aache nini: kupika? Kuwapeleka watoto zahanati? Akasema kanisa likifumbia macho mila moja, kesho zitaingia zote. Nikamwambia kwamba kipaza sauti chake kila Jumapili kinasema kuamini tu, basi aongeze na maneno yaliyobaki, watu wajue mapema. Akanishika bega, akaniambia nifyatue matofali, mambo ya ndani ya kanisa niwaachie wenyewe. Nilirudi kijitoni nikapiga udongo mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Mke wa mama hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mcheshi, na habari ile alipoisikia aliifanyia utani. "Kumbe huyo Yesu wenu ananiogopa mimi," aliniambia akichambua maharage. "Mimi hata kuku wananisumbua." Lakini nilimwona mara kadhaa akisimama na ungo mikononi, akimtazama mama alivyokuwa akifua kanzu nyeupe aliyoazimwa kwa ajili ya ubatizo, maana hakuwa amekata tamaa.

Siku tatu kabla ya Jumapili ya ubatizo tulitoka shamba tukakuta mji umefagiwa, kuni zimepangwa ukutani, mtungi umejaa maji, na hakuna mtu. Jirani akatueleza. Mke wa mama alikuwa ameondoka na watoto wote watatu kurudi kwa kaka zake Ringwani, na ameacha ujumbe kwamba sasa mama abatizwe, njia iko wazi.

Mama alikaa chini pale pale mlangoni. Aliinuka ng'ombe walipoanza kulia wakitaka kukamuliwa.

Kamati ilifurahi. Nilisikia kwa masikio yangu mwinjilisti akishukuru kwenye kipaza sauti kwa mnyororo uliokatika. Mnyororo. Mwanamke aliyempikia yule mama uji alipougua malaria, na watoto watatu ambao wakati ule walikuwa wakila kwa kaka wa mama yao, wakihesabiwa kila tonge kwa macho ya wake za kaka. Nilitamani kupanda ule mwarobaini nikate waya.

Jumapili waumini wapya walibatizwa kijitoni, karibu na shimo langu la udongo. Walipanga mstari, kanzu nyeupe, na mama alikuwa wa nne. Kwaya iliimba. Alipofika mbele ya mwinjilisti, maji magotini, akaulizwa kama ameacha mambo ya zamani.

"Yesu nimemwamini," alisema, sauti yake ya kawaida, lakini kwaya ilikuwa imenyamaza na wote tulimsikia. "Mke wangu sijamfukuza. Amekimbia ili nyinyi mnipokee. Kesho nakwenda kumchukua."

Mwinjilisti alimtazama muda mrefu. Nafikiri, nami sipendi kumtetea, kwamba alitaka kumbatiza. Kisha akawatazama wazee waliosimama ukingoni.

"Basi toka majini, mama," akasema.

Akatoka. Mtu wa tano akasogea mbele. Mama akaivua kanzu juu ya gauni lake, akaikamua pindo, akaikunja, akamkabidhi mwenye nayo na kumshukuru.

Kesho yake nilimsindikiza. Tulipanda bodaboda mpaka darajani, tukavuka Mto Mara, tukamalizia safari kwa miguu. Ringwani tulimkuta mkewe nyuma ya jiko la kaka yake, akimenya mihogo, watoto wake wamekaa pembeni kimya kama wageni. Walipomwona bibi yao walimvamia nusura wamwangushe. Mkewe hakuinuka.

"Shikamoo mama. Umebatizwa?"

"Marahaba. Bado."

"Sasa mimi nilikuja huku kufanya nini?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza."

Yule mwanamke akacheka, kisha akalia, kisha akamkaripia mama kwa kutembea juani na miguu ile. Kaka yake hakuzuia chochote. Nilimwona usoni kama mtu aliyetuliwa gunia.

Tulirudi siku ileile, mimi nimebeba mkeka na sufuria, mtoto mdogo mgongoni kwa mama yake. Tulipofika mtoni, mama alishuka mahali ng'ombe wanaponywea. Akasimama pale akitazama maji. Kisha akaniita.

"Kijana, wewe umebatizwa?"

"Nilibatizwa mdogo, mama."

"Na unaamini?"

Nikasema naamini, kwa namna yangu.

"Basi nibatize. Maji haya hapa."

Mkewe akapaza sauti kutoka juu kwamba tuharakishe, mamba hawaulizi nani ana ndoa ya Mungu. Mama akatabasamu, lakini hakuondoa macho yake kwangu. Alimaanisha. Maji yalikuwa hapo, imani ilikuwa hapo, na mimi niliyekuwa nimelaani kamati juma zima nilikuwa nimesimama mbele yake na sufuria mkononi. Nilichotakiwa kufanya ni kuiinamisha mtoni, nichote, nimmwagie.

"Sina ruhusa," nikasema.

"Ruhusa ya nani?"

Nikamtaja mwinjilisti. Kinywa changu mwenyewe, bila kulazimishwa, kilimtaja mwinjilisti.

Hakunikaripia. Angenikaripia ningepata nafuu. Alinitazama kidogo, kama anavyotazama ng'ombe anayekataa kutoka zizini wakati lango liko wazi.

"Kumbe na wewe uko kwenye kamati," alisema.

Akainama, akanawa uso na mikono, akayanywa maji yaliyobaki kiganjani. Kisha akapanda ukingo, akamchukua mtoto mdogo kutoka mgongoni kwa mama yake ili mkewe apumzike, wakashika njia ya kwao wakizungumza habari za mahindi yaliyobaki kuvunwa. Mimi nilibaki pale chini kidogo. Hasira yangu yote ya juma zima ilikuwa imenigeukia, na sikujua niipeleke wapi.