Nywele Zilizojisuka

Mdogo wangu tunamwita Bosi tangu akiwa mtoto, alipokuwa akiwapanga kuku foleni na kuwagombeza waliotoka mstarini. Nyumba nzima inamwita hivyo isipokuwa baba. Sasa anasomea video chuoni, na kuku wake ni sisi. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti viwili nyuma ya karakana ya seremala, na ndiyo aliyoitaka kwa video ya wimbo ya mtihani wake wa mwisho.

Video hiyo ilibeba mwaka wake mzima. Akifeli, arudie mwaka. Na baba alishasema mwaka wa kurudia hakuna, aje kwangu ashike kitana. Aliyasema hayo mbele yangu, kana kwamba kitana ni kifungo. Tangu siku ile nikawa nautaka ushindi wake kuliko yeye mwenyewe.

Wazo lake lilikuwa hivi. Rafiki yake wa darasani, Kinanda, msichana mwenye sauti ya kukusahaulisha chungu jikoni, angekaa kitini akiimba huku nywele zake zikisukika. Unazirekodi zikifumuliwa, kisha unaigeuza video ianzie mwisho irudi mwanzo. Mkono unaofumua utaonekana unasuka. Tatizo ni kwamba mdomo nao unageuka. Basi Kinanda akalazimika kuukariri wimbo mzima kinyumenyume, kuanzia sauti ya mwisho kurudi ya kwanza, ili ukigeuzwa unyooke. Alijifungia chumbani akifanya mazoezi mpaka mama yake akaita majirani waje kumwombea.

Nilimsuka kutwa nzima, misuko myembamba kichwa kizima, vidole vikawaka moto. Kesho yake wakaja na kamera ya chuo, ambayo jioni ileile kundi jingine lilikuwa linaisubiri. Bosi alitaka mikono yangu peke yake.

"Ni wimbo wa binti anayeondoka nyumbani, dada. Ana upweke. Mikono miwili inatosha."

Akalegeza ncha ya msuko mmoja iwe alama ya pa kuanzia. Kabla hajafungulia spika, seremala akawasha msumeno. Mimi na Bosi tukatoka kwenda kumbembeleza.

"Shemeji, tupe dakika chache tu."

"Na mteja wangu anayesubiri kitanda, alale chini?"

Alizima, lakini baada ya kusemwa na kusema karibu nusu saa. Tuliporudi ndani, tulikuta kazi imeshaanza bila sisi.

Saluni ina desturi yake. Kichwa kikianza kufumuliwa, hakuna anayekaa bure. Anayesubiri zamu, jirani aliyepita kusalimia, kila mtu hushika msuko huku soga zikiendelea, wala haombwi. Mama Pacha, mteja wangu wa siku zote, alikuwa ameingia, akaiona ile ncha iliyolegezwa, akaanza kufumua. Shangazi yetu, aliyekuja kutazama "hiyo sinema yenu", naye akashika upande wake. Karibu nusu ya kichwa, upande wa kulia, ilikuwa imetimka. Kinanda alikuwa amefumba macho, visikizi masikioni, anarudia wimbo wake, akidhani kazi imeshaanza.

"Tumewasaidia," shangazi akasema kwa kujivuna. "Mlikawia mno."

Nilitaka kulia, nikagomba. Nilimgombeza Mama Pacha, nikamgombeza na shangazi, dada wa baba yangu, Mungu anisamehe. Kusuka upya ile nusu kungetufikisha usiku, na kamera ilikuwa inaondoka. Kinanda alifumbua macho, akajishika kichwa, machozi yakamtoka. Nikamwona mdogo wangu akifagia nywele sakafuni kwangu maisha yake yote, na baba akipita kutikisa kichwa.

Bosi hakugomba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawatazama wale wawili, ambao kwa aibu walikuwa bado wameng'ang'ania misuko mikononi.

"Hebu endeleeni kidogo," akasema.

Akawarekodi kwa simu, akaigeuza, akatuonyesha. Mikono minne ilikuwa inasuka, huu unaachia, ule unadaka.

"Dada peke yake asingefika hata robo ya kichwa, wimbo ukaisha," akasema. "Ningepeleka video ya kichwa kisichosukika. Kinanda, kiitikio chako kinasemaje?"

Kinanda akavuta kamasi. "Nimetoka mikononi mwenu."

"Basi wenyewe si hawa hapa!"

Akahamishia kamera upande wa kushoto, ule mzima, akaanza kuamuru kama enzi za kuku.

"Shangazi, usiitazame kamera."

"Na gauni hili la jikoni?"

"Hilohilo."

Spika ikaanza kuporomosha wimbo kinyumenyume. Tukafumua, watu watatu, na mdomo wa Kinanda haukukosea hata mara moja. Msuko wa mwisho uliachia wimbo ukiisha. Mlangoni seremala alikuwa amesimama, ameusahau msumeno wake.

Siku ya kuonyesha video chuoni, baba alikuja kwa kuburutwa na shangazi, akakaa nyuma kabisa amekunja mikono. Kwenye skrini nywele zilizotimka zikaanza kujikusanya, mikono sita ikizipokea, na Kinanda akiimba wimbo ulionyooka kabisa. Shangazi akashindwa kuvumilia.

"Mkono wangu ule!"

Watu wakalipuka kwa makofi. Mwalimu akaomba irudiwe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa video nyingine yoyote, na matokeo yaliposomwa Bosi alikuwa wa kwanza. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Furaha ile siwezi kuificha, na kwa nini niifiche?

Tulipotoka, baba alitembea kando ya mdogo wangu.

"Yule msichana ameimba kinyumenyume wimbo wote?"

"Wote, baba."

"Na aliyewaza ni wewe?"

"Ni mimi."

Baba ni mtu ambaye hata picha ya kitambulisho alipigwa kwa kulazimishwa. Tulipofika getini alivua kofia, akatugeukia, akaanza kutembea kinyumenyume, taratibu, huku watu wakimpisha na kucheka.

"Haya, Bosi," akasema. "Nirekodi na mimi, halafu unigeuze."