Nilifunga graphics card kwenye power supply ya kudanganya, nusura nigombanishe ukoo mzima wa Kirua Vunjo

Wakuu, habari zenu huko mliko.

Mnaonijua humu mnajua huwa naongeza chumvi. Leo chumvi itakuwepo kidogo, ila nyama ni yenyewe. Haya yalinipata mimi, hapa Moshi, na mpaka sasa nikisikia harufu ya plastiki kuungua nakimbilia kuchomoa waya ukutani.

Kwa wageni: mimi naitwa Deo, nakaa mtaa wa Soweto hapahapa Moshi, nina kachumba ka kuedit video za harusi na kipaimara. Shule nimemalizia masomo ya jioni, na cheti cha kompyuta nimekipatia hukohuko. Kimetundikwa ukutani kwenye fremu kubwa kuliko picha ya harusi yangu. Kumbukeni hicho cheti, ndicho kilichonipa kiburi.

Sasa sikilizeni.

Babu yangu mzaa baba alifariki akiacha kihamba huko Kirua Vunjo. Kwa wasio wa huku, kihamba ni lile shamba la ukoo, migomba na kahawa, ambalo mtu anazaliwa humo na kuzikwa humo. Baba yangu alishatangulia, wakabaki wawili: baba mkubwa Aloyce na baba mdogo Prosper.

Hawa wawili walikuwa hawasemeshani. Ugomvi ni mstari mmoja wa masale, ile mimea tunayopanda mipakani, karibu na njia ya kwenda mferejini. Kila mmoja anasema mstari ule uko upande wake.

Bahati nzuri babu kabla hajafa aliniita nikamrekodi. Alitembea kihamba chote na fimbo yake, anagusa isale baada ya isale, anasema hapa fulani anaishia, hapa fulani anaanzia.

Bahati mbaya sasa.

Wazee hao wawili walikubaliana video ikae kwangu mpaka siku ya kikao cha ukoo, maana mimi sina upande. Ila kila mmoja aliogopa mwenzake asiipate kwanza akaikatakata. Wakaweka sharti: nakala moja tu. Moja. Memory card ya kamera niliifuta mbele yao, baba mdogo akaiangalia mwenyewe mpaka imebaki tupu, kisha wakapeana mikono bila kuangaliana.

Yaani, wakuu, maneno ya mwisho ya marehemu, mpaka wa kihamba, na amani ya watu kama sitini, vyote vilikuwa kwenye hard disk moja ndani ya PC yangu.

Na mimi mwenye cheti nikakubali.

Kikao kilikuwa Jumamosi. Wiki hiyo nikasema niisafishe video, upepo ulikuwa umeharibu sauti na mkono wangu ulitetemeka. Nilitaka babu aonekane vizuri kwenye TV kubwa. PC ikawa inakwama kila nikianza kurender, yaani kuitoa video iliyokamilika. Nikaamua niongeze graphics card, kifaa cha kuisaidia PC kubeba kazi ya picha.

Alhamisi asubuhi nikaenda Kiboriloni, kuna jamaa ana meza ya vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Akanichagulia card nzuri, ina feni mbili, nzito kama tofali.

Akaniuliza power supply yangu, lile boksi la kugawa umeme ndani ya PC, ina wati ngapi. Nikamjibu mia tano, imeandikwa kubwa ubavuni. Akauliza ina waya wa pini sita wa kulisha card. Nikasema haina.

Akapekua chini ya meza. Akanipa kiunganishi cha kuchukua umeme kwenye waya za zamani za disk, akaniambia, "Kaka, usisome ile namba kubwa. Soma laini ya volti kumi na mbili, ina ampia ngapi."

Nikacheka. Nikamwambia hayo tumesoma.

Hatukusoma, wakuu. Au yalifundishwa siku niliyosinzia.

Nikafika nyumbani, nikafunga card, nikaunga kile kiunganishi, nikawasha. Ikawaka. Nikajiona fundi wa dunia. Nikaweka video ya babu, nikabonyeza kurender, nikaenda kuinjika chai.

Maji hayajachemka nikasikia feni inapanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida. Nikatoka jikoni.

Paa.

Nakuapieni mlio ule ulifika Himo. Cheche zikatoka nyuma ya PC, moshi mweupe, halafu kimya. Nikachomoa waya ukutani kwa mkono ambao siujui ulitoka wapi.

Nikakaa chini. Sakafuni kabisa.

Cha kwanza sikuwaza card wala PC. Niliwaza uso wa baba mdogo. Nitamwambia nini? Nakala moja ilikuwa kwangu, siku mbili kabla ya kikao imeungua. Ningekuwa mimi ni yeye, ningeamini? Nisingeamini hata kidogo. Ningesema huyu kijana amenunuliwa na kaka yangu. Na baba mkubwa naye angesema nimenunuliwa na mdogo wake.

Hapo ndipo hofu iliponishika kisawasawa. Nilipungua kilo tatu nikiwa nimekaa palepale.

Nikabeba PC nzima kifuani kama mtoto mgonjwa mpaka kwa mzee Idrisa, mitaa miwili kutoka kwangu. Huyu mzee alianza na redio, akaja kwenye TV, sasa ni kompyuta. Nikamwamkia shikamoo PC ikiwa bado kifuani. Akaitikia, akanusa hewa kabla sijaeleza.

Akatoa power supply, akaipima kwa kiganja. Akasema ni nyepesi kama mkate wa jana. Akaifungua: ndani nusu ni tupu, nafasi za vifaa zimeachwa wazi. Akanionyesha kibandiko, maandishi madogo chini ya ile mia tano: volti 12, ampia 14.

"Zidisha," akaniambia.

Nikazidisha. Wati mia na sitini na nane.

Card peke yake ilikuwa inataka kama mia na hamsini. Processor sitini na tano. Bado disk, bado feni. Nilikuwa nimempandisha mtu Uhuru Peak kwa kikombe kimoja cha uji.

Mzee Idrisa akasema, "Power supply nzuri ikizidiwa inajizima. Ya namna hii inakufa na wenzake."

Akaitoa hard disk, akaigeuza, akanusa ubao wake. Nikaona uso wake umebadilika. Nikamweleza kilichomo ndani, kihamba, masale, sharti la nakala moja, yote.

Akaiweka disk mezani, akanawa mikono. Akasema haigusi. Kitu cha ugomvi yeye hafungui bila wenyewe kuwepo, maana kikifa mkononi mwake watasema amekiua, na kikipona watasema amekibadilisha. Akasema niwapigie simu wote wawili, waje leo.

Wakuu, bora angeniambia nipande mlima pekupeku.

Nikapiga. Baba mkubwa alipojua niko wapi akakata simu. Baba mdogo aliniuliza niko wapi, basi.

Saa tisa alasiri walikuwa wameshafika, kila mmoja na usafiri wake. Kwa mzee Idrisa kuna benchi moja tu, fupi. Ikabidi wakae bega kwa bega, watu ambao hata msibani walikaa mahema tofauti.

Baba mdogo hakusalimia. Akaniangalia, akasema taratibu, "Deo. Sema hapa mbele ya kaka yangu. Nani alikutuma?"

Ile sauti ya chini ndiyo iliyoniua. Angefoka ningepumua.

Nikasema hakuna aliyenituma, nilitaka babu aonekane vizuri. Nikasikia mwenyewe jinsi jibu hilo linavyosikika kama uongo.

Mzee Idrisa hakunitetea. Alichukua ile power supply iliyoungua akamwekea baba mdogo mapajani, akamwambia aisome mwenyewe, anuse mwenyewe. Baba mdogo akanusa. Akampa kaka yake. Baba mkubwa naye akanusa, akairudisha. Ndiyo ilikuwa salamu yao ya kwanza tangu mazishi.

Kisha mzee akaeleza: kwenye ubao wa disk kuna kidude kidogo kama punje ya ulezi, kazi yake ni kufa kwanza umeme ukizidi. Kama ni hicho tu kilichokufa, akikiondoa disk itazunguka. Kama umeme ulikipita ukaunguza na vya ndani, basi, disk imekufa.

"Nikiwasha isipozunguka, ndiyo mwisho. Tumeelewana?"

Wakaitikia pamoja.

Akashika chuma cha kulehemu. Punje ikatoka. Akaunga disk kwenye power supply yake nzito, akatuangalia mmoja mmoja, akawasha.

Kimya.

Nilianza kutafuta sala ya kipaimara, nikapata nusu.

Halafu ukaja mlio mwembamba, kama nyuki wa mbali. Inazunguka.

Video ikafunguka. Migomba, upepo unanguruma, picha inatetemeka kama nilivyoiacha. Babu yuko mbele na fimbo. Anageuka, anaiangalia kamera, anasema, "Wee Deo, unapiga au umesimama tu?"

Benchi ikacheka. Wote wawili, kwa pamoja.

Babu akafika kwenye lile isale la ugomvi. Akasema mstari ule ni wa Aloyce, ila njia ya mferejini si ya mtu, kila mwenye ndoo apite, asizibiwe. Kila mmoja akapata nusu ya alichotaka. Hakuna aliyeshangilia, hakuna aliyepinga.

Baba mdogo akaomba turudishe nyuma kidogo. Nikajua anataka kusikia tena habari ya njia. Nikarudisha.

Akasema hapana, nyuma zaidi. Pale alipogeuka.

Tukaisikiliza mara tatu. Unapiga au umesimama tu.

Baba mkubwa akasema bila kumwangalia yeyote, "Toa nakala. Moja yangu, moja ya Prosper." Baba mdogo akaongeza, "Na moja yako wewe fundi. Deo usimpe."

Sijapewa mpaka leo.

Jumamosi kikao kilikwenda na video yenye upepo na mtetemeko wake. Hakuna aliyelalamika picha.

Somo langu ni hili. Kabla hujanunua card, toa power supply yako, soma laini ya volti 12, zidisha kwa ampia, ondoa processor na vingine, halafu bakiza nafasi ya kupumua. Kama haina waya wa pini sita, ni kwamba aliyeitengeneza hakutegemea ibebe mzigo huo. Na kitu ambacho hakina pacha usikifanyie majaribio, hata kama wazee wameweka sharti.

Cheti nimekishusha ukutani, nimetundika ile power supply.

Haya, mwenye power supply nyepesi kama mkate aweke picha ya kibandiko hapa tupige hesabu pamoja. Na aliyewahi kuunguza kitu kisicho chake, aeleze alimwambiaje mwenyewe, maana mimi bado sijapata maneno.