Mgongo wa Fundi Friji

Tangu asubuhi Fundi Friji alikuwa kiguu na njia ndani ya sebule yake mwenyewe. Mkewe amelazwa, mchana anaingizwa chumba cha upasuaji, na ombi lake ni moja tu: amwone mtoto wao kabla hajapelekwa. Wodini simu za kuongea zimepigwa marufuku, ila kutazama picha hakuna aliyekataza. Basi bwana akaweka kamera juu ya kabati ikitazama kochi, kisha akaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, akafungua mlango wa mtandao, ili aliye nje apite mpaka kwenye kamera. Akamtumia mkewe anwani, na onyo juu: asimsumbue mpaka aambiwe tayari.

Akaijaribu kwa simu yake, palepale sebuleni, kwa intaneti ya ruta ileile. Wapi! Ukurasa haufunguki.

Roho ikawa juu juu. Akakagua namba za mlango, ziko sawa. Akabadilisha waya, yaleyale. Mama mkwe, aliyempakata mjukuu kwenye kochi, akamwambia haraka haraka haina baraka. Akaitikia "ndiyo mama" huku akizidi kuhangaika na ruta mezani, katikati ya kochi na kabati. Jamani, aliyezoea kugandisha maji leo anapambana na intaneti! Na kosa lenyewe dogo: ruta za aina ile hazimruhusu aliye ndani ya nyumba kuingia kwa anwani ya nje. Ukijaribu ukiwa ndani, utaona mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Angetumia bando la simu, angeona.

Saa zikayoyoma. Akachukua pini abonyeze kile kitundu cha nyuma ya ruta, afute kila kitu aanze upya. Simu ikalia. Ni mkewe, na maji yakamfika shingoni.

"Nisamehe, mke wangu. Nimeshindwa, haifunguki."

"Imefunguka tangu asubuhi," mkewe akanong'ona, asisikiwe na muuguzi. "Ila naona mgongo wako tu. Wamekuja kunichukua. Hebu sogea, mume wangu, nimwone mwanangu."

Akaruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto. Simu ikakatika. Akamnyanyua mtoto, usingizi mdomo wazi, akamwinua mbele ya kamera. Mama mkwe akamwambia inatosha, aketi sasa. Hakuketi. Alimshikilia mtoto vilevile mpaka mikono ikafa ganzi, maana mle ndani hakukuwa na namna ya kujua kama mkewe bado anatazama.