Asidi Aliyoiita Sabuni

Msinitake nimwonee huruma mtu huyu. Nimeombwa na wengi, wote nimewajibu kwa adabu, na moyo wangu uko palepale.

Kakangu alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja mwenye godauni Shimanzi. Tajiri huyo hakuwa mgeni kwetu. Nyumba yake iko kichochoro cha pili kutoka kwetu, huku Mji wa Kale, na babake na babangu walisali safu moja. Baba alipofariki, kakangu ndiye aliyenilea. Kazi yake aliipenda, na alikuwa amesomea kubeba mizigo ya hatari. Jioni tukila, alikuwa akinieleza mambo ambayo sikumuuliza: kwamba lori la asidi halipakiwi chakula, kwamba mapipa hufungwa yasitikisike, kwamba mbele, nyuma na ubavuni pawe na kibao cha pembe nne chenye picha ya mkono unaoliwa na matone.

"Kibao cha nini, na mzigo umefunikwa?" nilimuuliza siku moja.

"Nikipatwa na jambo njiani, atakayekuja kuniokoa ajue aniokoa na nini."

Tajiri hakuvipenda vile vibao. Alisema vyavuta trafiki kama mzoga uvutavyo inzi. Siku moja akaamuru vibanduliwe, na juu ya mapipa akapanga magunia ya mchele, akafunika turubai. Kakangu alikataa.

"Wataka kazi au hutaki?" tajiri akamwambia. "Wenzako wamejaa pale getini."

Kakangu alikuwa na watoto wa kulisha. Akapanda.

Asubuhi ile hakuwahi hata kuvuka kutoka kisiwa hiki chetu. Tuktuk ilimkatia mbele, akafunga breki, mapipa yakagongana. Aliposhuka na kuinua turubai, asidi ya pipa lililopasuka ikamrukia usoni.

Watu walikimbia kumsaidia, siwezi kuwasema vibaya. Lakini mmoja alipiga kelele kwamba ni petroli, wote wakarudi nyuma. Mwingine akasema ni dawa ya kiwandani, ukiitia maji yawaka. Mwenye duka la pale alikuwa ameshika ndoo imejaa, akasimama nayo hajui afanye nini. Yeye ndiye aliyenisimulia haya, akilia. Kakangu alikuwa akipiga mayowe, "Maji! Maji!" na watu wakiutazama ubavu wa lori, na ubavu mtupu. Walipokuja kummwagia, macho yalikuwa yamekwisha.

Polisini, tajiri alisema dereva alivibandua vibao mwenyewe. Kisha akaja kwetu na kikapu cha machungwa.

"Ni kudra ya Mungu," alimwambia mama, na mama, kwa adabu zake, akaitikia. Mimi nilikichukua kile kikapu nikakimwaga kichochoroni, juu ya viatu vyake alivyokuwa amevivua mlangoni.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuuza leso za kujifunga katika duka moja la Biashara Street. Ya pili ni kumngojea yeye. Nilikwenda ofisi ya mazingira, wanaosimamia mizigo ya sumu, hata mlinzi akawa anisalimia kama jamaa. Afisa mmoja pale, mwanamke wa bara, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, maneno peke yake hayatamfunga," akasema. "Nipate lori lenyewe, na mzigo ukiwa juu yake."

Nikangoja. Wake za wapakiaji wa godauni lile walinunua leso kwetu, nami niliwapokea vizuri kuliko wateja wote. Siku moja mmoja wao, akiwa achagua rangi, akaniinamia. "Leo wapakia mapipa," akasema. "Na unga juu yake." Nilimwachia leso mikononi, nikampigia afisa simu, nikapanda tuktuk mpaka Shimanzi.

Nilipofika, afisa na trafiki wawili walikuwa wamelizuia lori getini. Tajiri alikuwa amesimama katika kanzu iliyopigwa pasi.

"Hii ni sabuni ya maji tu," alikuwa akiwaambia.

Nikasogea. "Salaam aleikum, jirani."

"Waaleikum salaam," akajibu, kwa kuwa hakuweza kutojibu.

"Ikiwa ni sabuni, nawa."

Pipa moja lililokwisha kushushwa lilikuwa likivuja kifunikoni, na saruji chini yake ikitoka povu.

"Kidole kimoja tu," nikamwambia.

Wapakiaji waliacha kazi. Tajiri aliinua mkono, akautazama, kisha akauficha ndani ya kanzu.

"Dadangu, sisi ni majirani. Twende tukayamalize nyumbani."

"Nyumbani kuna mtu hawezi kukuona. Yamalize hapa, mbele ya wenye macho."

"Ni asidi," akasema.

"Sema kwa sauti."

"Ni asidi!"

"Na vibao alivibandua nani?"

Mpakiaji mmoja mtu mzima akajibu kutoka juu ya lori: "Yeye. Na vya lori la kakako pia ni yeye. Mimi nilikuwapo."

Malori yakashikwa, leseni ikachukuliwa, na mahakama ikamtia hatiani. Kila siku ya kesi nilikaa kiti cha mbele, ili akiinua uso anione. Godauni likafungwa kufuli, nami nikaenda kulitazama lile kufuli.

Mkewe alinikuta Biashara Street. "Sasa umeridhika?" akaniuliza.

"La," nikamwambia. "Bado."

Maalim wetu alikuja nyumbani kunikumbusha kwamba kusamehe ni bora. "Ni bora, maalim," nikamjibu, "lakini si faradhi." Akanywa kahawa yake, akaenda zake.

Kakangu peke yake hakuniambia nisamehe. Jioni ya siku ile ya Shimanzi nilimkuta ameketi kitandani, ameshasikia habari.

"Nieleze alivyoutazama mkono wake," akasema.

Nikamweleza polepole, sikuacha kitu: kanzu, povu, vidole vilivyojikunja. Akacheka mpaka mama akatoka jikoni kuja kuangalia. Kesho yake akaniuliza tena, nami nikamweleza tena tangu mwanzo.