Nywele za Maji za Mzee Kondo

Majirani wa Mikumi walimcheka Loveth mpaka wakachoka. "Wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga majani!" Naye alicheka nao, kisha akainua kona ya chandarua kikuukuu alichofunikia tangi lake la kioo, akachungulia.

Tangi hilo alipewa kwenye nyumba ya wageni alikokuwa akifua mashuka. Samaki walikuwa wamekufa, kona ikavuja, likatupwa uani. Aliliziba kwa silikoni, akalijaza maji ya mvua, akatia ndani nywele za maji.

Ndivyo baba yake, Mzee Kondo, alivyouita mmea ule. Uliota kwenye dimbwi kando ya jaruba lake la mpunga kule Mvumi, Kilosa, hauna mizizi, unaelea tu, na vijiua vyake vya njano vimesimama juu ya maji. Asubuhi, ndege wakishafukuzwa, baba aliuchota kwa glasi yake ya chai, akaiinua juani. "Ona vifuko hivyo kwenye nyuzi, mama. Vyeupe vina njaa. Kile cheusi kimeshakula kiluwiluwi." Loveth mdogo alibana pumzi. Kifuko kilimeza mdudu kabla hujapepesa jicho.

Siku ya kuanua tanga la baba, kaka zake waligawana majembe, redio na baiskeli. Yeye alishuka dimbwini na kidumu. Masika iliyofuata mto ulifurika, ukalifukia dimbwi lote kwa mchanga. Nywele za maji za Mzee Kondo zikawa ni hizo tu za tangini.

Kuzitunza alijifunza kwa kukosea. Maji ya kisima yenye chumvi yaliozesha nusu. Mbolea ya kuku ikaleta utelezi wa kijani. Mwishowe akaelewa kwamba zinataka maji ya mvua tu, na viluwiluwi vya mbu alivyovichota kwa kijiko kwenye ndoo ya uani.

Alipojifungua Bryson, mama mkwe wake, Hildegarda, alishuka kutoka Mamboya kuja kumuuguza uzazi. Uji, maji ya kukanda, nepi, vyote alivifanya yeye. Jambo moja tu lilimnyima raha.

"Mama Bryson, humu tangini mna watoto wa mbu."

"Ndiyo, mama. Ndicho chakula cha mmea huu."

"Chakula! Na wakikua watamla nani, si mjukuu wangu?"

"Chandarua kipo, mama. Hawatoki."

Hildegarda aliguna.

Siku ya kliniki, Loveth aliporudi na mtoto mgongoni, harufu ya mafuta ya taa ilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mtalala. Nimewamaliza!" Alikuwa bado ameshika kibatari kitupu. Tangu shuleni Mamboya walifundishwa hivyo: maji yakituama, tia mafuta, mbu kwisha.

Utando ulimeremeta juu ya maji. Loveth hakuweza kumpandishia sauti mama wa mumewe. Alikaa sakafuni, machozi yakamtiririka.

"We! Unalilia majani?"

"Ni ya baba, mama. Dimbwi lake halipo tena. Yamebaki haya tu."

Hildegarda alikiweka kibatari chini. "Sasa mbona hukusema? Kila siku chakula, chakula, hukusema ni ya mzazi!" Akachana magazeti, akayalaza juu ya maji yanyonye mafuta, moja baada ya jingine. Kisha wote wawili wakazisuuza nywele kwenye beseni la maji ya mvua.

Nyingi ziligeuka kahawia, zikafa. Ulibaki uzi mmoja, mfupi kama kidole, wenye ncha ya kijani. Wakautia kwenye glasi.

Hildegarda akaahirisha safari yake ya kurudi Mamboya. Mvua ikidondoka alikimbia uani na sufuria. Viluwiluwi alivichota mwenyewe, huku akivitukana: "Kufeni kwa faida, washenzi nyie!"

Asubuhi moja aliita kwa nguvu. "Mama Bryson! Njoo na mtoto!" Alikuwa ameinua glasi juani. "Hicho hapo, cheusi. Kimekula?"

Loveth alibana pumzi kama zamani.

"Kimekula, mama."

Siku ya kuondoka, uzi ulikuwa umeshakuwa kishungi. Hildegarda alileta chupa. "Nikatie kipande, nikakitie pipani Mamboya. Za huku zikifa, za baba yako utazikuta kwangu."

"Na mbu, mama?"

"Chandarua ninacho," alisema mkwewe, akaikumbatia chupa.